Rael na Kanuni ya Kuvunja

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi popote mlipo. Najua leo ni Ijumaa. Wengine mmejilaza mnapumzisha miguu. Wengine mko getini, simu mfukoni na waya mmoja sikioni, mkiomba supavaiza asipite. Punguzeni sauti, lakini msizime. Leo tunamkumbuka mtu wenu.

Jina lake ni Rael Chelagat. Nalirudia: Rael Chelagat. Alikuwa mlinzi katika jengo moja refu la West Bay, hapa Doha, kwa miaka kumi na mmoja. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Mwili wake ulisafirishwa, na jana alizikwa nyumbani kwao, Kaunti ya Sirwet, kando ya kaburi la mwanawe.

Kama wewe ni mtu wa Sirwet, na mtoto wako analelewa na nyanya yake, au babu, au shangazi, basi nyumbani kwenu ipo karatasi ya kijani. Inaitwa Karatasi ya Mlezi. Kwa karatasi hiyo nyanya anaweza kumwandikisha mtoto shule. Anaweza kutia sahihi mtoto apasuliwe. Anaweza kusema, "Huyu ni wangu kwa sasa," na ofisi ikakubali.

Karatasi hiyo haikuja kwa huruma ya serikali. Ililetwa na Rael. Na Rael hakuileta kwa huruma. Aliileta kwa kisasi. Nalisema hili mapema, kwa sababu jana kaburini watu walisema mengi matamu juu yake, na nusu ya hayo yeye mwenyewe angeyakataa.

Wasikilizaji wapendwa, twende taratibu.

Rael alikuja Doha akimwacha binti yake, Edith, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Baba wa mtoto alikuwa amekwisha kushika njia yake. Edith akabaki na nyanya yake, Mama Milcah. Alipofika miaka mitano, daktari wa wilaya alimsikiliza kifuani, akasikiliza tena, akamwambia Mama Milcah kwamba moyo wa mtoto una tundu.

Mungu akafungua mlango. Madaktari wa moyo kutoka nje walikuwa wanakuja kwenye hospitali kubwa ya mji wa jirani, kwa wiki moja tu. Edith aliwekwa kwenye orodha. Alikuwa wa kumi na nne. Kilichohitajika ni barua kutoka ofisi ya watoto ya kaunti, ikisema kwamba Mama Milcah ana haki ya kutia sahihi.

Barua moja tu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mama Milcah alifika mbele ya meza ya ofisi hiyo. Saa za Doha na saa za Sirwet ni moja, kwa hiyo huku nako ilikuwa saa nne. Rael alikuwa kwenye mapumziko, ndani ya chumba cha walinzi chini ya jengo. Mama yake alimpigia simu ya video. Lakini mama alishika simu kifuani, kama wafanyavyo wazee wetu, na Rael hakuona uso wa mtu yeyote. Aliona meza. Aliona kikombe cha chai, muhuri, na mikono ya mwanamume yenye saa ya chuma. Na aliona kibao cha jina kimesimama mezani: P. Kiprono, Afisa wa Watoto.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" sauti iliuliza.

"Huyu hapa," Mama Milcah alijibu, akiinyanyua simu kidogo. "Yuko Doha. Ongea naye."

"Simu si mzazi. Mzazi aje mwenyewe."

"Bwana afisa," Rael alisema, "mimi ndiye mama yake. Nakutumia pasipoti sasa hivi. Nakutumia cheti cha kuzaliwa. Madaktari wanaondoka Jumamosi."

"Madam, nyuso za kwenye simu ni nyingi. Sijui wewe ni nani. Anayefuata!"

Mama Milcah alirudi Jumanne. Alirudi Jumatano. Alirudi Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi madaktari walipanda ndege. Wa kumi na nne hakupasuliwa.

Edith alifariki wiki tisa baadaye, mapajani mwa nyanya yake, akiwa amevaa sweta ya shule ambayo hakuwahi kuivaa shuleni.

Rael alipata likizo wiki mbili baada ya mazishi. Siku nne alikaa kaburini. Siku ya tano aliamka akitafuta viatu vyake aende kwenye ofisi ile. Hakuviona. Mama Milcah alikuwa amevificha ndani ya pipa la mahindi.

"Nilimwambia, wewe leo utaua mtu," Mama Milcah aliniambia kwa simu. "Nimezika mmoja. Sitaki kupeleka mwingine jela."

Basi Rael alirudi Doha bila kumwona mtu wake.

Nyinyi mnaofanya kazi ya ulinzi mnalijua daftari la zamu. Kila anayeingia anaandikwa. Tarehe, saa, jina lililo kwenye bechi ya kifuani, ameingia, ametoka. Rael alinunua daftari lake mwenyewe, la jalada gumu, akaandika kwa mtindo huohuo. Tarehe. Saa nne na dakika tano asubuhi. Jina: P. Kiprono. Maneno aliyosema: Simu si mzazi. Kisha akaandika siku zote tano, moja baada ya nyingine, na mwisho siku aliyofariki Edith.

Alikuwa anakaa Al Wukair, chumba kimoja na Zuleikha, mwanamke wa Unguja anayefua mashuka ya hoteli. Zuleikha ndiye aliyenisimulia sehemu kubwa ya haya. Kila asubuhi mmoja alikuwa kwenye msala wake, na mwingine amepiga magoti kando ya kitanda, daftari liko wazi mbele yake.

"Siku moja nikamsikia ataja jina la yule bwana," Zuleikha alisema. "Nikamuuliza, shoga, wamwombea? Akanambia, hapana, namshtaki."

Alimshtaki kila siku kwa miaka mitatu. Zuleikha alizoea hata akaanza kumtania.

"Hebu nambie, huyo mtu wako utamla mbichi au utamkaanga?"

"Bado natafuta sufuria inayomtosha," Rael alimjibu.

Mwaka wa tatu, sufuria ilikuja yenyewe, kwa ndege.

Wawakilishi wa bunge la kaunti ya Sirwet walifunga safari kuja Doha. Walisema ni ziara ya mafunzo. Walikuwa watu kumi, na wangekutana na watu wa kaunti yao kwenye ukumbi wa hoteli moja West Bay, siku ya Ijumaa. Orodha ya wageni ilizunguka kwenye simu za watu. Jina la nane lilikuwa la afisa aliyeandamana nao: Philipo Kiprono, Afisa wa Watoto.

Rael alikwenda moja kwa moja kutoka zamu. Hakubadilisha nguo. Alisimama na sare yake na bechi yake kifuani, daftari mkononi. Mwenyekiti alikuwa anaongea juu ya barabara. Rael akaomba kipaza sauti.

"Waheshimiwa, mimi naitwa Rael Chelagat. Kazi yangu ni kuandika watu. Nataka niwasomee mtu mmoja niliyemwandika."

Akasoma. Tarehe, saa, jina, maneno. Siku ya kwanza mpaka ya tano, kisha siku ya kifo. Hakuongeza kitu. Alipofika kwenye sweta ya shule, wanawake ukumbini walikuwa wanalia kwa sauti. Halafu akanyoosha kidole kwenye meza ya wageni.

"Yule pale. Bwana Philipo Kiprono. Alimuua Edith akiwa na kikombe cha chai mbele yake."

Ukumbi ulilipuka. Mike, supavaiza wake Mganda, ambaye alikuja kwa sababu ya chakula tu, alikuwa anarekodi kila kitu.

Bwana Philipo alisimama. Ni mtu mnene, mwenye sauti nzito, anayevuta maneno polepole.

"Mama," alisema, "pole sana kwa mtoto. Lakini wiki hiyo mimi sikuwa ofisini. Nilikuwa nyumbani, namzika baba yangu."

"Muongo!" mtu alipiga kelele.

"Kila afisa akitafutwa, baba yake amekufa!" mwingine akadakia, na watu wakacheka kwa uchungu. "Amekufa mara ngapi huyo mzee?"

Wasikilizaji wapendwa, hapa nataka mnisikilize vizuri. Rael alijua. Alijua pale pale. Ile sauti ya mezani ilikuwa nyembamba, ya haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Sauti hii haikuwa ile. Alipomsikia Bwana Philipo akisema neno la pili, Rael alijua kwamba amemnyooshea kidole mtu mwingine.

Akanyamaza. Akakaa kitini. Watu walikuwa wanampigia makofi.

Video ya Mike ilifika Sirwet kabla Bwana Philipo hajafika. Ilipita simu hadi simu. Bwana Philipo alisimamishwa kazi ili achunguzwe. Alikuwa na binti wa darasa la saba, Pamela. Wenzake darasani walimchorea kaburi dogo juu ya dawati lake kwa kalamu ya wino, na juu ya kaburi wakaandika jina la baba yake. Pamela alirudi nyumbani siku hiyo, akakataa kabisa kwenda tena shule.

Siku kumi na tisa zilipita. Siku kumi na tisa Rael hakusema neno. Siku ya ishirini mama yake alimpigia simu.

"Rael, nimekwenda kumwona yule mtu wako nyumbani kwake. Nilitaka nimtemee mate. Huyu si yule."

"Mama, kibao kilisema..."

"Mimi sijui kusoma kibao. Lakini yule wa mezani nilimwona kwa macho yangu siku tano. Ni mwembamba, ana mwanya. Miaka mitatu unaomba juu ya mtu huyu, kwa nini hukuniuliza mimi anafananaje?"

Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa. Mlinzi hufundishwa kuamini bechi. Hafundishwi kuamini uso. Bechi ikisema wewe ni fundi wa lifti, wewe ni fundi wa lifti, ingia. Rael aliona kibao kwenye simu, akakiandika, na kwa miaka mitatu hakuona haja ya kumuuliza shahidi aliyekuwepo, kwa sababu shahidi huyo hakusoma shule.

Jioni hiyo alimwambia Zuleikha yote.

"Ulijua lini?" Zuleikha alimuuliza.

"Ukumbini. Aliposema neno la pili."

"Na ukanyamaza?"

"Watu walikuwa wanapiga makofi."

Zuleikha alikunja shuka alilokuwa nalo, akaliweka. "Weye wasema wapigania watoto. Na huyo Pamela ni nini? Kuku?"

 Asubuhi Rael alimfuata Mike pale kwenye lobi, kabla ya zamu.

"Leta simu. Nirekodi tena."

"Ile ya kwanza imetazamwa sana, dada. Ya nini tena?"

"Kusema nilidanganya."

"Hukudanganya. Ulikosea."

"Kwa siku kumi na tisa nilidanganya. Rekodi."

Alisimama mahali palepale pa kazi, akasema jina lake, akasema Bwana Philipo Kiprono hakuwa ofisini wiki ile, akasema yeye Rael alilijua hilo ukumbini na akanyamaza kwa kupenda makofi. Video hiyo haikutazamwa kama ya kwanza. Lakini ilitosha kumrudisha Bwana Philipo kazini. Halafu Rael akatafuta namba yake, akampigia.

Maneno haya nimeyapata kwa Bwana Philipo mwenyewe. Ameniruhusu niyaseme.

"Mama, sikusamehe," alimwambia. "Binti yangu ana wiki tatu hajakanyaga shule. Usiniombe msamaha, maana sina."

"Sikukupigia kwa hilo."

"Unataka nini?"

"Nataka jina la mtu aliyekaa kwenye kiti chako."

 Bwana Philipo akasema, "Ni naibu wangu."

"Ana mwanya?"

"Ana mwanya."

"Ataadhibiwa vipi?"

"Adhabu gani, mama? Mimi namchukia kuliko unavyomchukia wewe. Nilikuwa namzika baba yangu, na yeye akajificha nyuma ya jina langu. Alipoona natukanwa alikaa kimya, anakunywa chai. Kanuni nimeisoma mara kumi natafuta mahali pa kumshika. Kanuni inasema mzazi afike mwenyewe. Hakuvunja kanuni yoyote."

 Rael akasema maneno ambayo nyinyi watu wa Sirwet mnayajua.

"Basi tumpe kanuni ya kuvunja."

Jina la naibu huyo silitaji. Si kwa sababu namhurumia. Ni kwa sababu familia ya Rael imeniomba hivyo.

Watu hawa wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka miwili. Mmoja hakusamehe, na mwingine hakuomba msamaha. Bwana Philipo alijua njia za bunge la kaunti: ombi la wananchi linaandikwaje, linapelekwa kwa nani, likikwama linasukumwa na nani. Rael alijua watu. Alipita kwa walinzi wa West Bay, jengo baada ya jengo, akapita kwa madereva, na kwa wasichana wa majumbani siku zao za kutoka. Kila aliyeacha mtoto Sirwet alimwomba aandike kisa chake kwa mtindo wa daftari la zamu. Tarehe, saa, ofisi, maneno.

Lakini aliweka sharti jipya.

"Usiniandikie bechi," aliwaambia. "Usiniandikie kibao. Mpigie aliyekuwepo, mama yako, dada yako, jirani. Muulize mtu huyo alikuwa na sura gani, na alitaja jina lake kwa mdomo wake au la. Kama hujui, andika sijui. Mimi nimekwisha kumchafua mtu. Sitachafua wa pili."

Alipata visa mia tatu na sita. Kuna mtoto aliyekosa darasa la kwanza miaka miwili. Kuna wawili waliopelekwa nyumba ya watoto yatima wakati mama yao yuko hai, anapiga pasi huku Al Wakrah. Visa vyote viliwekwa mezani kwa wawakilishi wa wadi.

Kanuni waliyoiandika ilikuwa na vifungu sita. Vinne vya kwanza ni vya Karatasi ya Mlezi: mzazi aliye mbali anaapa mbele ya simu ya video, wazee wawili wanamtambua, mlezi anapewa karatasi ndani ya siku mbili. Cha sita ni tarehe ya kuanza. Lakini kifungu cha tano ndicho kilichokuwa cha Rael. Kilisema hivi: afisa akimkatalia mlezi, aandike kwa mkono wake mwenyewe jina lake, saa, na sababu, kisha ampe mlezi karatasi hiyo aondoke nayo.

Wawakilishi walikubali vifungu vitano. Hicho kimoja kiliwakwama kooni. Kamati ilimwita Rael kwa simu ya video, naye akasimama kwenye chumba kilekile cha walinzi chini ya jengo.

"Mama," mwakilishi mmoja alimuuliza, "huoni kifungu hiki ni mtego kwa maafisa wetu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni mtego."

Watu wakacheka kwenye kamati.

"Unakubali?"

"Nimeutega mwenyewe. Afisa anayefanya kazi yake ataupita kila siku bila kuugusa. Nani kati yao unayemwogopea?"

 Kanuni ilipita na vifungu vyake vyote sita. Bunge la kaunti lilipiga kura: thelathini na mmoja walikubali, wanne walikataa. Rael alizipata habari akiwa getini. Hakushangilia. Alimwambia Zuleikha, "Sufuria iko motoni. Sasa nangoja."

Alingoja miezi mitano.

Mwezi wa tano, mzee mmoja aitwaye Silvesta alikwenda ofisi ile na wajukuu wawili. Mama yao ni mfanyakazi wa nyumbani hapa Doha. Bwana Philipo wakati huo alikuwa amepandishwa cheo, ofisi yake iko ghorofa ya juu. Chini mezani alikuwa naibu.

"Rudi wiki ijayo," naibu alimwambia.

"Umenikatalia?" Mzee Silvesta aliuliza.

"Nimesema rudi wiki ijayo."

"Basi niandikie. Jina, saa, sababu. Kifungu cha tano."

"Mzee, nani amekufundisha maneno hayo?"

"Binti yangu. Naye amefundishwa na mlinzi."

Naibu alicheka. Mzee Silvesta alikaa kwenye benchi na wajukuu wake. Alikaa mpaka saa ya kufunga. Kila aliyeingia alimwambia, "Nangoja kuandikiwa." Mwishowe naibu alichukua karatasi, akaandika haraka, akamtupia. Sababu: hati hazijatimia. Jina: P. Kiprono.

Mzee Silvesta anajua kusoma, na Bwana Philipo anamjua kwa sura. Aliitazama karatasi, akamtazama aliyeiandika. Akapanda ngazi na wajukuu wake mpaka ghorofa ya juu, akaiweka mbele ya Bwana Philipo.

"Bwana, huyu aliyeandika hapa amenambia yeye ni wewe."

Bwana Philipo alilisoma jina lake mwenyewe.  Alimpigia Rael kabla ya kumpigia mkubwa wake.

"Mama. Ameivunja."

Ilikuwa saa kumi na nusu, jua la Doha bado linachoma vioo. Rael alikuwa amesimama kwenye lango la magari. Alianza kucheka. Alicheka mpaka Mike akatoka ndani.

"Dada, kuna nini?"

"Nimempata mtu wangu."

"Mume? Hatimaye!"

"Adui."

Naibu alifukuzwa kazi kwa kughushi jina la afisa mwingine na kwa kuvunja kifungu cha tano. Alifukuzwa kwa barua. Rael aliomba nakala ya barua hiyo, akabandika nakala hiyo ndani ya daftari lake, ukurasa unaofuata siku zile.

Wengi mtaniuliza, na sisi wenye kuomba lazima tuulize, je, alipata amani? Nilimuuliza Zuleikha. Alisema Rael hakulia siku ile wala hakusali. Alirudi Al Wukair, akala sahani mbili za wali, akalala saa tisa mfululizo. Tangu mtoto alipofariki hakuwahi kulala saa tisa. Zuleikha alidhani amezimia, akamwekea mkono puani.

Mimi nimefundishwa tusamehe. Nawafundisha wanangu hivyo, na usiku huomba hivyo. Lakini siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba saa tisa zile hazikuwa zawadi. Sijui. Nimemwachia aliye mkubwa kuliko mimi.

Leo Karatasi za Mlezi zilizotolewa Sirwet zimepita elfu mbili. Ukijaliwa kufika ile ofisi ya watoto utaona kila afisa ana kitita cha fomu za kifungu cha tano mezani. Fomu hizo hazitumiki sana. Maafisa wanapendelea kutoa karatasi ya kijani.

Kuhusu Pamela: alirudi shule muhula uliofuata. Rael alimwandikia barua kila muhula mpaka yeye mwenyewe alipougua. Pamela hakujibu hata moja, na Rael hakulalamika. Bwana Philipo alikuwepo jana kwenye mazishi. Mama Milcah anasema alikuja asubuhi na mapema, akavua koti, akashika koleo akachimba pamoja na vijana, akala, akaondoka. Hakusema kama amesamehe.

Wasikilizaji wapendwa, tunafika mahali pa kutoa pole.

Kwa Mama Milcah, uliyezika mjukuu na sasa umezika binti: Mungu akushike. Kwa Zuleikha, unayelala peke yako chumba kile cha Al Wukair: pole, dada. Kwa Mike na walinzi wote wa lango lile: poleni. Kwa wazazi mia tatu na sita mlioandika: mwenzenu ametangulia.

Nimepokea salamu nyingi za rambirambi. Nimezisoma zote kwenye kipindi cha asubuhi, isipokuwa moja. Iko hapa mbele yangu. Ni kurasa tatu, kwa mwandiko wa mkono. Imetoka kwa aliyekuwa naibu. Ameweka jina lake kamili mwanzoni na mwishoni, na anaomba isomwe hewani, familia isikie.

Nimeisoma mimi. Sitawadanganya: ni barua nzuri. Haombi kazi, wala hajitetei. Anamtaja Edith kwa jina. Nimeiombea siku tatu, nikitaka sana kuisoma. Jana, baada ya mazishi, nilimpigia Mama Milcah nikamuuliza.

 Nilisikia watu nyuma yake wakiosha masufuria.

"Analia kwenye barua?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Analia."

"Ni kweli analia, au anaandika tu?"

"Naona ni kweli, mama."

"Vizuri," alisema. "Alie. Lakini usiisome. Rael alinambia hospitalini, mama, huyu ataleta pole siku moja, na itakuwa nzuri, na watu watakuambia uipokee. Usiipokee. Mimi nilimkatalia mwanangu viatu. Hili sitamkatalia."

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie imefika. Mwambie imefika, na imekataliwa, na jina langu ni Milcah Chelagat, leo Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Sababu anaijua."

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayekaa nyuma ya meza yoyote mahali popote, tafakari juu ya meza yako usiku wa leo, kabla ya kulala. Nani alisimama mbele yako wiki hii? Ulimwambia nini?

Na wewe, bwana, kama unasikiliza: barua yako ilifika. Nimeikunja nikairudisha ndani ya bahasha yake. Kesho nitaiweka posta.